NI NGAPI? Kuuliza hesabu ya mali ya umma bila kuvunja amani

Mazungumzo ya afisa wa nyanjani na familia zilizohama pamoja na viongozi wao, Mubambiro, wilaya ya Masisi



Nawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja kukaa hapa. Najua wengine wamefika kwa mguu kutoka mbali, na wengine wamewaacha watoto kwa jirani. Nitajaribu nisiwacheleweshe.

Nimeombwa kusema juu ya deni la serikali na matumizi mabaya ya mali ya umma, na jinsi raia anavyoweza kuyapinga. Nilipoanza kuandaa maneno haya, rafiki yangu mmoja alicheka. Akaniambia: "Watu hawana sabuni, wewe unaenda kuwafundisha deni la taifa?" Nilifikiri sana juu ya maneno yake. Mwishoni nikaona kwamba anayekosa sabuni ndiye wa kwanza anayepaswa kujua pesa zilikwenda wapi. Nitaanza na kosa letu wenyewe, sisi watu wa mashirika.

1. Swali la mama mmoja

Miaka kadhaa iliyopita, katika kambi moja ya jimbo letu, shirika nililofanyia kazi wakati ule liliandaa semina juu ya utawala bora. Tulitundika banderoli kubwa, nzuri, yenye rangi. Wakati wa maswali mama mmoja akasimama, akaniuliza:

"Mwanangu, hicho kitambaa ni ngapi?"

Nikamjibu: "Mama, kimelipwa na wafadhili."

Akasema: "Sikuuliza nani alilipa. Nimeuliza ni ngapi."

Sikujua. Nilimwahidi nitaleta jibu, na wiki iliyofuata nikalileta. Kitambaa kilikuwa dola 35. Katika sehemu ile ya kambi, vyoo vya wanawake vilikuwa vimeoza milango. Fundi alikuwa ametuomba dola 30 kwa milango mitatu, nasi tukamwambia kwamba bajeti hairuhusu. Nililisema hilo mbele ya watu wote, kwa aibu. Baada ya wiki mbili milango ikawekwa.

Lakini mama yule hakuishia kwetu. Aliigeukia kamati ya kambi na kuuliza swali lile lile. Kila familia ilikuwa ikitoa faranga 200 kwa mwezi za kutengeneza robine. Familia zilikuwa kama 500, na miezi ilikuwa imefika minne. Kwa hiyo sandukuni zilipaswa kuwamo faranga 400,000. Akauliza: "Zimebaki ngapi?"

Hapo ndipo moto ulipowaka. Rais wa kamati alikasirika. Watu wa kijiji chake wakasema mama yule anamchukia kwa sababu ya kabila lake. Watu wa upande wa mama wakasema kabila lile ndivyo lilivyo, ni wezi tangu zamani. Kwa siku mbili watoto wa pande hizo mbili hawakuchota maji pamoja. Niliogopa sana.

Siku ya tatu, mchungaji mmoja na mzee mmoja waliketi na kamati, wakahesabu pesa, wakaandika kila kitu kwenye karatasi na kuibandika mlangoni pa kituo cha afya. Zilizokuwamo zilikuwa faranga 310,000. Zilizokosekana, 90,000, zilinunua mbao za sanduku na kulipa usafiri kwa maziko ya mtoto ambaye wazazi wake hawakuwa na kitu. Kamati ilifanya jambo la huruma, lakini haikumwambia mtu na haikuandika popote.

Watu waliposoma karatasi ile, wengi walinyamaza. Mama yule alisema: "Kama mngetuuliza, tungekubali wote."

Ndugu zangu, jambo ninalotaka mlibebe leo ni hili. Pesa za wote zikikosa hesabu, watu hujitungia hesabu yao, na kwetu Masisi hesabu hiyo mara nyingi huandikwa kwa jina la kabila. Tunaacha kuuliza "ni ngapi?" na kuanza kuuliza "ni wa wapi?" Swali la kwanza hujenga. Swali la pili limetuzika watu.

2. Deni ambalo babu zetu hawakulila

Waswahili wana methali: kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kukopa kuna ngoma, siku ya kulipa kuna kilio. Na kwa deni la serikali, mara nyingi waliocheza ngoma si wale wanaolia.

Wazee mlio hapa mnaikumbuka Zaire ya Mobutu. Serikali ile ilikopa kwa mataifa ya nje na kwa mabenki makubwa. Ilijenga njia ya umeme kutoka Inga hadi Shaba, yaani Katanga, zaidi ya kilomita 1,700, ikipita juu ya vijiji ambavyo vilibaki gizani. Kule Gbadolite, karibu na kwao rais, kulijengwa uwanja wa ndege ulioweza kupokea Concorde, ndege ya abiria iliyokuwa ya kasi sana. Mwaka 1982 Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, aliyekuwa ametumwa kusimamia benki kuu ya Zaire, aliandika ripoti akiwaonya wakopeshaji kwamba kwa ufisadi ule hawataona pesa zao tena. Waliendelea kukopesha.

Mobutu alipoondoka mwaka 1997, deni halikuondoka naye. Lilibaki juu ya nchi. Watoto waliozaliwa katika vita vya 1996 na 1998 walizaliwa wakiwa wadaiwa. Ilikuwa hadi Julai 2010 ndipo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walipotangaza kupunguza mzigo ule kwa dola bilioni 12.3. Hilo halikuletwa na huruma ya wakubwa peke yao. Tangu miaka ya 1990, makanisa, vyama vya wafanyakazi na raia wa kawaida katika nchi nyingi, za Kusini na za Kaskazini, walikuwa wameandamana na kukusanya sahihi kwa mamilioni wakidai madeni ya nchi maskini yafutwe.

Leo deni la Kongo si kubwa likilinganishwa na la majirani wengine. Lakini mikopo inaendelea. Januari 2025, mwezi ule ule ambao Sake na Goma zilichukuliwa na M23, Shirika la Fedha la Kimataifa lilikubali kuikopesha nchi yetu zaidi ya dola bilioni 2.5, zitolewe kwa awamu. Wakati sisi tukibeba magodoro barabarani, sahihi iliwekwa. Sisemi kila mkopo ni mbaya. Mkopo uliojenga barabara hurudi kwa njia ya maharagi yanayofika sokoni. Nasema kwamba mtoto wa Masisi atakuwa miongoni mwa watakaoulipa, basi ana haki ya kujua umenunua nini.

3. "Lakini sisi wahami hatulipi kodi"

Neno hili nalisikia mara nyingi, hata vinywani mwa viongozi. Si kweli.

Sabuni na mafuta mnayonunua vinapita forodhani, na ushuru uliolipwa pale umo ndani ya bei. Tangu mwaka 2012 kuna pia kodi ya thamani inayoitwa TVA, asilimia 16, juu ya bidhaa nyingi. Mama anayeuza sombe analipa ushuru wa soko. Kijana wa chukudu analipa kwenye baria. Anayeweka uniti kwenye simu analipa pia.

Mnaikumbuka takse ya RAM? Kuanzia Septemba 2020, uniti zilikatwa kwenye simu zetu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu za intaneti. Mtu alinunua uniti ili aulize habari za mama yake kijijini, akakuta zimeliwa. Watu walinung'unika, lakini safari hii hawakuishia kwenye manung'uniko. Vijana wa LUCHA, chama cha raia kilichozaliwa Goma mwaka 2012, walikuwa miongoni mwa waliokataa hadharani. Mashirika yanayofuatilia matumizi ya serikali yalidai kujua zimekusanywa ngapi na zimewekwa wapi. Wabunge nao walimbana waziri kwa maswali. Mwanzoni mwa mwaka 2022 serikali ikaiondoa takse hiyo.

Katika kipindi hicho hicho, mwaka 2021, wabunge wa taifa walipewa jipu mpya. Mwaka huo huo, tarehe 22 Mei, Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye maelfu ya watu wa Goma wakakimbilia Sake, wakapita hapa hapa Mubambiro na mafurushi kichwani. Mtu akiyaweka mambo hayo mawili pamoja anaelewa mwenyewe maana ya matumizi mabaya.

4. Sheria inasema nini

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki majimboni. Kwa miaka yote hii majimbo yamelalamika kwamba hayapati kiasi hicho.

Ndugu wa Walikale, sikieni na hili. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawanya mrabaha ambao kampuni ya mgodi inalipa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa usultani au sekta ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Kwa hiyo mtu wa sekta ya Wanianga, ambako bati ya Bisie inachimbwa, akiuliza "asilimia 15 yetu ni ngapi, na imejenga nini?" haombi msaada. Anauliza habari ya mali yake.

Na kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu.

Najua swali lililo mioyoni mwenu: "Tumwandikie nani? Ni serikali ipi?" Sikuja hapa kusema nani anastahili kutawala. Nasema jambo moja tu: yeyote anayepokea ushuru kwa mama wa sokoni, awe amevaa suti au magwanda, anadaiwa hesabu na mama huyo.

5. Majirani zetu wa Kenya

Mwaka 2024 serikali ya Kenya, ikibanwa na deni, ilileta mswada wa fedha wa kukusanya kodi mpya za shilingi bilioni 346. Hata mkate ulikuwa umewekewa kodi ya asilimia 16, ingawa hiyo iliondolewa kabla ya kura. Vijana wakasimama. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, sehemu ya jengo ikachomwa, polisi wakapiga risasi. Kesho yake rais Ruto akasema hatautia sahihi mswada huo. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ya Kenya ilihesabu watu wasiopungua 39 waliokufa kufikia mwanzo wa Julai.

Sitaki tuige moto wala tusahau makaburi. Nataka tuone mambo mawili. La kwanza, vijana wale walianza kwa kusoma. Walichukua mswada, wakaufasiri katika lugha za nyumbani, wakaelezana kodi hii itamgusa nani na kwa kiasi gani. La pili, katika nchi ambayo siasa yake imekuwa ya makabila, na ambayo mwaka 2007 na 2008 iliona watu wakiuana baada ya uchaguzi, walisema wazi kwamba wao hawana kabila wala chama. Bei ya mkate ni moja kwa Mkikuyu na kwa Mluo. Na kwetu bei ya sabuni ni moja kwa Mhunde, Mnyanga, Mtembo, Mhutu, Mnande na Mtutsi.

6. Tufanye nini

Kwanza, tuanze na hesabu yetu. Kamati, kikundi cha likelemba, kanisa, shirika: kila anayeshika pesa za wengine aandike zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Karatasi ibandikwe pale watu wanapopita, na isomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Nasi watu wa mashirika tuulizwe hivyo hivyo. Mkituona tukitundika banderoli, tuulizeni ni ngapi.

Pili, tuulize kwa namba. "Mmekula pesa zetu" ni tusi, na linajibiwa kwa tusi. "Mlipokea mifuko mingapi ya simenti, imetumika mingapi?" ni swali. Tusimtaje mtu kuwa mwizi kabla ya hesabu kuonekana. Mnakumbuka zile faranga 90,000.

Tatu, tuulize pamoja. Barua ikiletwa na watu wa kabila moja, itasomwa kama barua ya kabila. Ikiletwa na mama wa pande zote, wazee wa pande zote na vijana wa pande zote, itasomwa kwa yale yaliyoandikwa ndani yake. Wekeni nakala, na mwombe muhuri wa kupokelewa.

Nne, tuchunge maisha. Hapa lazima niseme ukweli wote. Februari 2016 vijana sita wa LUCHA walikamatwa Goma kwa sababu ya maandishi waliyokuwa wakiandaa, wakafungwa kwa miezi. Mwaka 2007 kijana Floribert Bwana Chui, aliyefanya kazi katika ofisi ya kukagua bidhaa Goma, alikataa hongo ya kuruhusu chakula kilichoharibika kipite. Aliuawa mwezi wa Julai, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri kule Roma. Tunamheshimu, lakini mama yake angependa zaidi awe hai.

Kwa hiyo, asiende mtu peke yake. Msiwatume watoto. Msiandike orodha za majina ambazo zinaweza kuangukia mikono mibaya. Mahali ambapo kuuliza hadharani ni hatari, pitieni kwa wazee, kwa mchungaji, kwa padri, kwa imamu. Na pale ambapo hata hilo haliwezekani leo, andikeni na mhifadhi. Hakuna atakayewahukumu kwa kungoja. Daftari linalotunzwa vizuri linaweza kungoja siku yake.

7. Neno la kumalizia

Mtu akinyang'anywa shamba, hunyang'anywa pia mazoea ya kuulizwa. Anakuwa wa kupanga mstari, wa kuonyesha kadi, wa kushukuru. Nimeona wazee waliokuwa wakiamua kesi za vijiji vizima wakisimama juani kungojea kijana kama mimi awaite majina. Msikubali kwamba kuhama kumewaondolea uraia. Mlihama kutoka vijiji vyenu, hamkuhama kutoka nchi yenu.

Mama yule wa kambi hakuwa amesoma. Hakuwa na jipu wala banderoli. Alikuwa na neno moja tu, "ngapi", na aliliuliza kwa upole, mbele ya watu wote, kwa mkubwa na kwa mdogo sawasawa. Kwa neno hilo vyoo vilipata milango, na kambi ikapata hesabu. Tukirudi vijijini kwetu, Mungu akipenda, turudi na neno hilo.



Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Ni pesa gani za pamoja tunazotoa hapa, katika kamati, sokoni, shuleni au kanisani? Nani anazishika, na mara ya mwisho hesabu ilisomwa lini?

2. Je, mmewahi kuona swali la pesa likigeuka kuwa swali la kabila? Nani aliweza kulituliza, na kwa njia gani?

3. Kama tungeandika barua moja tu mwaka huu, tungemwandikia nani, na tungeuliza namba gani?

4. Mashirika yanayokuja hapa, likiwemo letu, yangepaswa kutuonyesha hesabu gani? Andikeni majibu, myape afisa wa nyanjani. Yatasomwa katika mkutano ujao, pamoja na hesabu ya mkutano wa leo.